Staring Alikufa Mapema: Nilichokosea Kuhusu Wakanda Forever

Kama ulilelewa Eastlands unaijua hii sheria: staring hafi. Anaweza kupigwa risasi saba, aanguke kutoka orofa ya kumi, atupwe mtoni akiwa amefungwa kamba, lakini hafi. Sheria hii tulifundishwa na muvi za DJ Afro, zile alizokuwa anatafsiri kwa Kiswahili cha mtaa, tukiwa tumejazana kwa jirani mmoja aliyekuwa na deki hapa Donholm Phase 5. Ukiona mtu amekufa dakika za kwanza, jua huyo hakuwa staring.

Sasa fikiria sinema imejaa, Novemba 2022, watu wameshika bisi na soda, na kabla hatujakaa vizuri T'Challa ameaga. Hata kufa kwake hatukuonyeshwa. Tunamwona dada yake Shuri kwa maabara akihangaika na mashine, anatafuta dawa, anaomba muda, halafu mama yao anaingia na habari. Baadaye ile alama ya Marvel inapita bila muziki, sura za Chadwick Boseman zikiwa ndani yake, na kinachosikika ni kama upepo tu. Ukumbi mzima ukanyamaza. Na mnajua watu wa Nairobi wakiwa sinema, hatunyamazi sisi.

Wiki hiyo nikaweka video nikasema Black Panther: Wakanda Forever ndiyo darasa bora la historia ambalo Hollywood imewahi kumpa Mwafrika. Kumi juu ya kumi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni nikisoma historia, kwa hiyo niliongea kama profesa. Hadi leo hakuna video yangu iliyotazamwa na watu wengi kuliko hiyo. Chuo niliacha mwaka uliofuata, karo ilikataa, lakini vitabu sikuacha, na mwezi uliopita nikaitazama hiyo muvi tena. Wasee, nilikosea. Si yote, ila palepale nilipopiga kelele sana ndipo nilipokosea. Na kama hujaitazama mpaka leo, nitakuharibia, pole.

Lazima turudi nyuma kidogo, kwa sehemu ya kwanza, kwa sababu sisi Wakenya hatukuipokea ile muvi kama watu wengine.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Uchaguzi ulifanyika tarehe 8 Agosti 2017, Mahakama ya Juu ikaufuta tarehe 1 Septemba, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba. Tarehe 28 Novemba Uhuru akiapishwa Kasarani, upinzani walitaka kufanya mkutano wa kuomboleza pale Jacaranda, na polisi wakaufunga uwanja. Jacaranda ni hapa kwetu. Vitoa machozi vilirushwa, moshi ukaingia kwa nyumba, mathe akaloweka taulo akaziba chini ya mlango. Tarehe 30 Januari 2018 Raila akajiapisha Uhuru Park. Katikati ya Februari, Black Panther ikaingia. Tarehe 9 Machi, handisheki pale Harambee House.

Yaani ile muvi ilitua kati ya kiapo na handisheki. Na ilizinduliwa Kisumu! Kisumu, mji uliokuwa umepigwa zaidi miezi ile, ukapata uzinduzi wa muvi kubwa zaidi ya watu weusi duniani kwa sababu binti wao, Lupita Nyong'o, ndiye Nakia, na baba yake, Anyang' Nyong'o, ndiye gavana.

Nilikuwa na rafiki. Nitamwita Jirani, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, mlango wake na wangu vilitazamana. Familia yao ilienda Kisumu kabla ya kura ya Agosti, mpaka mambo yatulie, ndivyo mama yake alivyosema, na hawakurudi. Siku ile ya Jacaranda nikiwa na moshi machoni niliandika kitu kwa grupu ya WhatsApp ya wale tuliomaliza darasa la nane pamoja. Kitu kuhusu "watu wao". Sitakirudia hapa. Maneno hayakuwa yangu, nilikuwa nimeyasikia mezani wakati wa chakula, lakini kidole kilichobonyeza kilikuwa changu. Jirani akatoka kwa grupu. Februari nikaona kwa status yake picha ya bango la Black Panther, na chini ameandika Kisumu kwa herufi kubwa. Nikaangalia, nikapita.

Sasa turudi kwa sehemu ya pili.

Nguvu yake kubwa bado ni ile kilio. Boseman alifariki tarehe 28 Agosti 2020, saratani ya utumbo mpana, miaka 43 tu, na karibu dunia nzima haikujua alikuwa mgonjwa. Wangeweza kuweka mwigizaji mwingine avae ile suti. Watu wengi walitaka hivyo. Mwongozaji Ryan Coogler na Marvel wakakataa, na badala yake wakatengeneza muvi ya masaa mawili na dakika arobaini na moja ambayo kwa kweli ni matanga. Watu wamevaa nyeupe, wanacheza ngoma, jeneza linapanda juu. Angela Bassett akiwa Malkia Ramonda amepoteza mume, amepoteza mwana, na pale kwa kiti cha enzi anapomlipukia Okoye, mimi nilimwona kila mama wa huku kwetu aliyewahi kuzika zaidi ya mara moja. Aliteuliwa kuwania Oscar kwa hiyo kazi, mwigizaji wa kwanza kuteuliwa kwa muvi ya Marvel. Hakushinda. Nitanyamaza hapo kwa sababu bado nina hasira.

Mavazi, hiyo hata haina mjadala. Ruth E. Carter alichukua Oscar ya sehemu ya kwanza, akarudi akachukua na ya pili. Ukiangalia wale Dora Milaje, nyekundu yao na shanga zao, huhitaji kuambiwa kwamba mtu alikuwa ameangalia Wamaasai vizuri sana. (Kwa ramani, Wakanda mara nyingi huwekwa upande huu wetu, Afrika Mashariki, lakini wanaongea Kixhosa cha Afrika Kusini. Ilianza na John Kani mwaka 2016, aliyecheza baba ya T'Challa, na lugha yake ni hiyo. Mimi nimeshaacha kulalamika, ila Kiswahili kilikuwa hapahapa jamani.)

Halafu kuna Talokan. Kwa vitabu vya zamani vya Marvel, Namor ni mfalme wa Atlantis, hadithi ya Wagiriki. Coogler akaitupa hiyo, akaenda kwa Wamaya wa Yucatán. Mwaka 1571, ndui imeletwa na Wahispania, watu wanakufa. Wanakunywa dawa ya mmea, ngozi inageuka buluu, wanashindwa kupumua hewa, wanaingia baharini. Mama yake Namor anafariki akitaka kuzikwa nchi kavu, mtoto anampeleka, na anachokuta juu ni shamba la Mhispania ambapo watu wake wanachapwa viboko. Analichoma.

Hapo ndipo nilipotoa kumi juu ya kumi, na hiyo sehemu bado naitetea. Ndui ilikuja kweli. Mashamba yalikuwa kweli. Miaka tisa kabla ya hiyo 1571, mwaka 1562, mtawa anayeitwa Diego de Landa alichoma vitabu vya Wamaya pale Maní, maarifa ya karne na karne, na leo vilivyobaki vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Muvi ya mashujaa kumfanya kijana wa Donholm aende kutafuta habari za Maní, hilo si jambo dogo.

Udhaifu mdogomdogo niupitie haraka. Riri Williams yumo kwa sababu Marvel walikuwa wanamwandalia mfululizo wake wa Ironheart, uliotoka 2025, na inaonekana. Yule Ross wa CIA na bosi wake ni muvi nyingine kabisa iliyoingia humu ikitafuta choo. Zile suti za buluu za mwisho zinafanana na wanasesere wa duka la supamaketi. Na ni ndefu, manze. Niliona mzee mmoja anatoka kwenda kuongea na simu, akarudi, na hakuna kitu alikuwa amekosa.

Sasa ule mkubwa, ambao mwaka 2022 niliusifu.

Angalia nani anaanzisha vita. Mwanzoni Ramonda yuko Geneva, Umoja wa Mataifa, wakubwa wanamlaumu Wakanda hataki kugawa vibranium yake. Wakati huohuo Wafaransa wenye silaha wanavamia kituo cha Wakanda kule Mali kuiiba. Wanakamatwa, wanaletwa mbele ya mkutano wamepigishwa magoti. Ukumbi wetu ulishangilia hadi viti vikatingika. (Iliuma. Mwaka 2023 waziri wa majeshi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, alilalamika hadharani kuhusu hiyo sehemu.) Wamarekani nao wanapeleka meli yenye mashine ya kutafuta vibranium chini ya bahari, na hapo ndipo Talokan wanaguswa. Kwa hiyo wenye kosa ni Ufaransa na Marekani. Muvi yenyewe imesema, sijaongeza kitu.

Halafu vita vinapigwa na nani? Wakanda na Talokan. Watu weusi waliofichwa wasitawaliwe, na watu waliokimbilia baharini wasitawaliwe, wanakatana kwa mikuki masaa mawili. Malkia Ramonda anakufa maji. Wafaransa hatuwaoni tena. Marekani, mwisho wa muvi, iko pale ilipokuwa.

Kwa video yangu niliita hiyo "uhalisia". Nilisema historia ndivyo ilivyo, wanyonge hupigana wenyewe kwa wenyewe. Nilijisikia mwerevu. Niliposoma zaidi kuhusu huku kwetu nikaona kwamba nilikuwa nimesema nusu.

Chukua 1904. Wamaasai wanaondolewa Bonde la Ufa wapishe walowezi, kwa mkataba uliowekwa na Waingereza na viongozi wao, Olonana akiwa wa mbele. Wengine wanapelekwa Laikipia, na wanaahidiwa kwamba mkataba utadumu maadamu Wamaasai wapo. Mwaka unaofuata, 1905, Waingereza wanaenda kuwamaliza Wanandi, ambao wamewasumbua na reli yao kwa karibu miaka kumi. Nani yuko upande wa Waingereza? Pamoja na askari wao, wapiganaji wa Kimaasai, na malipo yao ni sehemu ya ng'ombe watakaotekwa. Tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, anaitwa kwa mkutano wa amani, na Richard Meinertzhagen anampiga risasi. Wanandi wanavunjika.

Miaka sita tu baadaye, 1911, mkataba mwingine. Laikipia nayo inatakiwa na walowezi. Wamaasai wanahamishwa tena, kusini, na mifugo inakufa njiani. Wanaenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi inatupwa, eti mikataba ile ni kama ya taifa na taifa, mahakama haiwezi kuigusa. Yaani walikuwa taifa siku ile ya kushtaki tu.

Hicho ndicho Wakanda Forever imekosa. Haitoshi kuonyesha Mnandi na Mmaasai wakipigana. Onyesha pia nani aliyeshika daftari, nani alihesabu ng'ombe, nani alijua 1905 kwamba Laikipia itafuata. Muvi ikificha huyo mtu, mtazamaji anatoka akifikiri chuki ilikuwa ya hao wawili tangu zamani. Na Marvel walikuwa na huyo mtu! Yule bosi wa CIA, Valentina, anasema wazi kwamba anaitamani vibranium iwe ya Marekani peke yake. Wakamfanya kichekesho.

Nimeandika haya nikiwa Donholm, na jina lenyewe ni kesi. Hapa palikuwa shamba la mzungu kutoka Scotland, ng'ombe wa maziwa, akaliita Doonholm kama mahali pa kwao. Jogoo Road ya leo iliitwa Doonholm Road. Kabla ya yeye, haya mbuga ya huku yalikuwa malisho ya Wamaasai, na Nairobi ni neno lao. Mimi na Jirani tumezaliwa juu ya shamba la mtu ambaye hatukuwahi kumwona, na mwaka 2017 nikamwandikia yeye maneno ya "watu wao".

Kuna kitu kingine, na hiki ndicho kimenifanya niandike badala ya kurekodi.

Lupita alizaliwa Mexico City, mwaka 1983. Baba yake alikuwa anafundisha huko, familia ikiwa uhamishoni kwa sababu ya siasa za Kenya za wakati huo. Ndiyo maana Mjaluo anaitwa Lupita, ambalo ni jina la kufupisha Guadalupe. Alipokuwa msichana alirudishwa Mexico miezi kadhaa ajifunze Kihispania. Kwa hivyo una muvi kuhusu Afrika na Mexico zikikutana, na ndani yake una mtu mmoja ambaye maisha yake yote ni huo mkutano. Historia ya Kenya yenyewe, uhamisho wake, ndiyo iliyomtengeneza huyo mtu.

Na muvi inamtumiaje? Anatolewa Haiti, anafika Yucatán, anaongea Kihispania na wenyeji, mimi nimekaa mbele ya kiti nikisema sasa, sasa ndio huyu atazungumza na Talokan. Nakia huyu ndiye kwa sehemu ya kwanza alikuwa anasema Wakanda iache kujificha. Anaingia chini ya maji, anapiga risasi, mlinzi wa Talokan anauawa, anawachukua Shuri na Riri, wanaondoka. Hilo tendo ndilo linaleta mafuriko Wakanda na kifo cha malkia. Daraja lilikuwepo. Wakalitumia kama mkuki.

Najua mtaniambia ni muvi ya mapigano, ulitaka wakae chini wanywe chai? Ndio. Dakika kumi tu, Nakia na Namor, wote wawili watoto wa watu waliofukuzwa kwao. Hizo dakika zilikuwepo, Ross alizichukua.

Mwisho wa muvi Shuri ana nafasi ya kumuua Namor na anamwacha, kwa sababu kwa kidonda chake ameona kidonda cha huyo mwingine. Niliposoma kuhusu Koitalel, hiyo sehemu ilinigusa zaidi, kwa maana pale Nandi aliyeitwa kwa amani hakurudi. Lakini hata amani ya Namor ina hesabu. Anamweleza Namora kwamba Wakanda haina rafiki duniani, siku moja dunia itawajia, na watahitaji Talokan. Amani ya wakubwa, wadogo wakizika. Tarehe 9 Machi 2018 nilitazama ile handisheki kwa televisheni ya jirani wa deki, na hakuna aliyetupigia simu sisi watoto kutuambia tuombane msamaha.

Juni 2024 tulipokuwa barabarani kukataa ule mswada wa fedha, watu walikuwa wanasema hawana kabila. Nilipiga kelele hiyo pia, sauti ikakauka. Nikiwa Moi Avenue nimeosha macho kwa maji ya chupa ya mtu nisiyemjua, moshi uleule wa Jacaranda, nikamkumbuka Jirani. Lakini hata siku hiyo sikumwandikia. Kusema huna kabila mbele ya watu elfu kumi ni rahisi kuliko kumwandikia mmoja.

Nimemwandikia mwezi uliopita, baada ya kuitazama muvi mara ya pili. Nilitafuta namba kwa binamu yake. Nilianza na Koitalel na Laikipia, nikaenda Yucatán, nikazunguka weee, halafu mwisho kabisa nikaandika kile nilichokiandika 2017, neno kwa neno, na nikasema ni mimi na ninaomba msamaha.

Alama mbili za buluu. Siku mbili kimya.

Halafu akajibu. Kwanza alisema ujumbe wangu ni mrefu kuliko hiyo muvi. Pili, kwamba Namor ndiye staring, tulikuwa tunamwangalia mtu asiye sahihi wakati wote. Hapo sikubaliani na nitatengeneza video. Kuhusu lile neno hakusema kitu.

Usiku akaandika tena, akiuliza kama yule jirani wa deki bado anaishi pale Phase 5. Nikamwambia alihama.